Kujifunza mionzi ukiwa Dodoma: uanze na fizikia, kemia au usalama?

Hapa kanda ya kati, swali la "nianzie wapi" kwenye somo la mionzi huulizwa na watu wasiofanana kabisa. Yupo mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa na mtihani wa taifa. Yupo mkazi wa Bahi aliyesikia habari za urani, metali yenye mionzi, katika mbuga ya majimaji ya huko na anataka kujua kama mpunga wake uko salama. Yupo mhudumu wa afya anayepita kila siku mbele ya mlango wenye alama ya njano ya kutahadharisha mionzi. Wote hupewa jibu moja: fungua kitabu cha fizikia, anza na alfa, beta na gama. Jibu hilo linamfaa wa kwanza. Wale wengine wawili watasoma kurasa kumi na kuacha, kwa sababu swali lililowasukuma kusoma halimo katika kurasa hizo.

Njia za kuingilia somo hili ni tatu, na kila moja inajibu swali lake. Fizikia inauliza: kimebaki kiasi gani, na kwa muda gani? Kemia inauliza: kimegeuka kuwa nini, na sasa kinakwenda wapi? Usalama unauliza: kimenifikia kiasi gani? Msimamo wangu niuseme mapema: asiyesukumwa na mtihani aanze na kemia. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza mambo machache ambayo njia zote tatu zinayahitaji.

Atomi ina kiini chenye protoni na neutroni. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua hiyo ni elementi gani: protoni 6 ni kaboni, 92 ni urani, hakuna mjadala. Neutroni zinaweza kupungua au kuongezeka bila elementi kubadilika, na hapo tunapata isotopu. Namba iliyo nyuma ya jina, kama katika kaboni-14, ni jumla ya protoni na neutroni. Baadhi ya viini havitulii. Kiini kisichotulia kinaweza kutoa chembe ya alfa, yaani protoni mbili na neutroni mbili kwa pamoja, au neutroni yake moja ikageuka protoni na kurusha elektroni, ambayo ndiyo beta. Mara nyingi hufuatiwa na gama, ambayo ni nishati tupu. Alfa huzuiwa na karatasi, beta na bati la alumini la milimita chache, na gama hupunguzwa na risasi nene au zege. Ukielewa aya hii, chagua njia.

Fizikia: ganda la yai la Kisese

Kisese ni kimbilio la mwambani huko Kondoa, kwenye ukanda wa michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwanaakiolojia Raymond Inskeep alichimba hapo mwaka 1956, na kati ya vitu vilivyotoka ardhini ni shanga zilizotengenezwa kwa ganda la yai la mbuni. Vipimo vya kaboni-14 vimeonyesha kwamba ushanga wa aina hiyo pale Kisese una umri unaozidi miaka 40,000. Wamejuaje?

Nusumaisha ya kaboni-14 ni miaka 5,730. Maana yake, baada ya muda huo nusu ya atomi za kaboni-14 zilizokuwemo zimeshageuka kuwa nitrojeni. Baada ya muda mwingine kama huo, imebaki robo. Sasa zidisha 5,730 kwa 7, utapata 40,110. Gawa kwa mbili mara saba: nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita, na kuendelea hadi moja ya 128. Kwa hiyo katika ganda la umri huo imebaki chini ya asilimia 1 ya kaboni-14 ya mwanzo. Hapo utaona mwenyewe kwa nini njia hii haivuki sana miaka 50,000: kinachobaki ni kidogo mno hata uchafu kiasi wa kaboni ya leo unaharibu kipimo. Maabara huongeza hatua ya kusahihisha, kwa sababu kiasi cha kaboni-14 hewani hakikuwa kilekile zama zote, lakini msingi wa hesabu ni huo ulioufanya sasa hivi kwa kalamu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba jambo linalosemwa kuwa gumu linashikika kwa namba. Na lina jaribio la nyumbani ambalo halina hatari yoyote. Omba vizibo mia moja vya soda kwa mwenye duka au mgahawa. Vitikise ndani ya ndoo, vimwage sakafuni, ondoa vyote vilivyolala mgongo juu, hesabu vilivyobaki, rudia. Chora grafu. Vizibo haviangukii pande zote mbili kwa usawa, na hiyo ni faida: utagundua kwamba hata kama kinachoondoka kila mara si nusu kamili, ni sehemu ileile kwa makadirio, na mchirizi wa grafu unainama kwa namna ileile. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Kizibo kilichosalimika mara tano hakina uwezekano mkubwa wa kuondoka mara ya sita kuliko kilivyokuwa mara ya kwanza. Viini navyo viko hivyo. Atomi ya urani iliyokaa ardhini miaka bilioni haijachoka. Uwezekano wake wa kuvunjika leo ni sawa na ule wa siku ilipoundwa. Wanafunzi wengi humaliza kidato cha sita wakijua fomula ya nusumaisha bila kulijua hili, na ndilo kiini cha fomula yenyewe.

Inapokwamisha ni pale muda usipogawanyika sawasawa kwa nusumaisha. Hapo zinaingia logi na namba 0.693, na aliyeacha hisabati kwa hasira anafunga daftari. Tatizo jingine ni kwamba fizikia ya shule hushughulika na idadi ya atomi zilizobaki, ikasahau zile zilizogeuka. Zimekuwa nini? Ziko wapi? Mtu wa Bahi anataka kujua hilo hasa.

Kemia: urani ya mbugani

Katika wilaya za Bahi, Dodoma, na Manyoni, Singida, kampuni za utafiti wa madini zilichoronga ardhi na kupata urani kwenye tabaka za juu za udongo wa mbugani. Tazama jinsi kemia inavyoeleza namna ilivyofika huko. Miamba ya granite ya kanda yetu ina urani kidogo sana ndani yake. Maji ya mvua yenye oksijeni yanapoichakaza miamba hiyo kwa muda mrefu, urani hupoteza elektroni na kufikia hali ya chaji sita, na katika hali hiyo inayeyuka, hasa maji yakiwa na kaboneti. Inasafiri. Mbuga ya Bahi, inayopokea mto Bubu kutoka upande wa Kondoa, haina njia ya kutoa maji kwenda baharini. Maji yanafika, jua la Dodoma linayakausha, na kilichoyeyuka kinabaki. Mahali pengine urani hukutana na matope yasiyo na oksijeni, ikarudishwa kwenye chaji nne, na hapo haiyeyuki tena, inaganda. Hakuna kiini hata kimoja kilichovunjika katika simulizi hii. Ni elektroni tu zilizohama, na bado bila hiyo huelewi kwa nini urani iko mbugani na si mlimani.

Sasa ingia ndani ya kiini. Urani-238 inatoa alfa: inapoteza protoni 2, na jumla ya chembe inapungua kwa 4. Protoni 90 ni thoriamu, hivyo ni thoriamu-234. Thoriamu inatoa beta: protoni inaongezeka moja, jumla inabaki 234, tunapata protaktiniamu. Beta nyingine, na tumerudi kwenye urani, lakini urani-234. Safari inaendelea kupitia radiamu, radoni na poloniamu hadi risasi-206, ambayo imetulia kabisa. Swali la mazoezi ninalolipenda kuliko yote ni hili: kutoka urani-238 hadi risasi-206, alfa ni ngapi na beta ni ngapi? Anza na jumla: 238 kutoa 206 ni 32, na beta haipunguzi jumla, kwa hiyo 32 gawa kwa 4 ni alfa 8. Alfa 8 zinaondoa protoni 16, kutoka 92 tungefika 76. Lakini risasi ina protoni 82. Zile 6 zilizozidi zimeletwa na beta 6. Kujumlisha na kutoa tu, hakuna logi, na tayari umeushika mfululizo mzima wa hatua 14.

Halafu kila kituo njiani kina tabia yake ya kikemia, na hapa ndipo njia hii inaizidi ya fizikia mbali sana. Radiamu iko kundi moja na kalsiamu katika jedwali la elementi, hivyo ikiingia mwilini inaelekea kwenye mifupa. Radoni ni gesi ya kundi la gesi ajizi, haishikamani na kitu, hivyo inaweza kupenya kutoka kwenye udongo na kujaa chumba kisichopitisha hewa. Nusumaisha yake ni siku 3.8. Ikishavunjika inazaa metali, poloniamu, risasi na bismuthi, ambazo zinanata kwenye vumbi na kukaa mapafuni. Ndiyo maana madirisha wazi ni ushauri wa kisayansi. Iodini-131 hukimbilia tezi ya shingoni kwa sababu tezi haitofautishi iodini yenye mionzi na isiyo nayo. Na urani yenyewe, ikimezwa kwa wingi, huumiza figo kama metali nzito nyingine, jambo lisilohusiana na mionzi yake.

Anayedhani kemia ni njia ya pembeni kwenye somo hili aangalie historia. Henri Becquerel aligundua mionzi ya urani mwaka 1896, lakini Marie na Pierre Curie walipata poloniamu na radiamu mwaka 1898 kwa kutenganisha madini kikemia, hatua kwa hatua, wakifuata kila sehemu iliyozidisha mionzi. Marie Curie alipewa Nobeli ya fizikia mwaka 1903 pamoja na mumewe na Becquerel, kisha ya kemia mwaka 1911 peke yake. Mpasuko wa kiini ulionekana Berlin mwaka 1938 mikononi mwa wanakemia Otto Hahn na Fritz Strassmann: walitarajia kitu kinachofanana na radiamu, kemia ikawaonyesha kwamba wameshika bariamu, elementi nyepesi kuliko urani kwa karibu nusu. Lise Meitner na mpwa wake Otto Frisch ndio walioeleza kilichotokea.

Upungufu wa njia hii ni kwamba haikupi kipimo. Unajua kipi kinakuwa nini, hujui ni kingi au kidogo. Pia, anayesawazisha milinganyo ya viini huweza kuamini kwamba uzito haubadiliki kabisa, kwa kuwa namba zinalingana pande zote. Uzito hupungua kidogo sana, na upungufu huo ndio nishati inayotoka. Kwa hilo utalazimika kurudi kwenye fizikia.

Ziweke hizo mbili kwenye mizani moja

Chukua gramu moja ya urani-238 na gramu moja ya radiamu-226. Zote hutoa alfa. Aliyesoma kemia tu ataziandikia milinganyo inayofanana na kuona ni mamoja. Aliyesoma fizikia atauliza nusumaisha: urani ni miaka bilioni 4.47, radiamu ni miaka 1,600. Anayevunjika upesi ndiye anayetoa mionzi mingi kwa sekunde. Gramu ile ya urani ina viini kama 12,400 vinavyovunjika kila sekunde. Ya radiamu ina takriban bilioni 37. Tofauti ya karibu mara milioni 3. Watu wengi huogopa "mionzi inayokaa miaka mabilioni", na hesabu hii inaonyesha kwamba kukaa muda mrefu huko ni dalili ya kutoa kidogo kidogo.

Lakini aliyesoma fizikia tu, akiishia hapo, atamwambia mtu wa Bahi kwamba urani haina neno. Atakuwa amesahau figo, na atakuwa amesahau kwamba urani iliyokaa ardhini zama zote hizo haiko peke yake: radiamu na radoni zimo pamoja nayo. Fizikia imempa namba sahihi ya kitu kimoja kati ya vingi.

Usalama: mlango wenye alama ya njano

Njia ya tatu ni fupi, na kwa mhudumu wa afya, fundi wa mashine za hospitali au mfanyakazi wa machimboni ndiyo ya lazima kwanza. Kipimo chake ni siverti, na kwa kawaida tunatumia sehemu yake ya elfu, milisiverti. Wastani wa mionzi ya asili duniani, kutoka ardhini, angani, kwenye chakula na hasa radoni, ni takriban milisiverti 2.4 kwa mwaka. Picha moja ya eksirei ya kifua haizidi milisiverti 0.1 katika hali ya kawaida. Kikomo cha kimataifa kwa anayefanya kazi na mionzi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka. Mwili wako wenyewe, ukiwa na kilo 70, una potasiamu-40 inayovunjika karibu mara 4,000 kila sekunde, na umezaliwa nayo.

Mambo mawili yanayofundishwa vizuri hapa kuliko kwingine. La kwanza: eksirei haitoki kwenye kiini na mashine yake haina kitu chenye mionzi ndani, ukiizima, imekwisha. Mashine ya tiba ya kobalti-60 ni tofauti, chanzo chake kinatoa mionzi mchana na usiku, na kwa kuwa nusumaisha ni miaka 5.27, kinapungua nguvu na muda wa kumtibu mgonjwa hurefushwa kufuata hesabu. La pili: kupigwa na mionzi si sawa na kuchafuliwa na vumbi lenye mionzi. Mgonjwa aliyepigwa eksirei au aliyetibiwa kwa mashine kama hiyo hatoi mionzi kwa mtu mwingine. Ndugu wamkumbatie, wamlishe, walale naye chumba kimoja. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona wagonjwa wakitengwa na familia zao bila sababu yoyote.

Tanzania ina sheria ya nguvu za atomu ya mwaka 2003, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC) ndiyo yenye jukumu la kukagua vyanzo vya mionzi na kutoa vibali. Kwa anayefanya kazi, mafunzo ya kazini yanayotambuliwa na TAEC hayana mbadala. Kozi ya simu haitoshi. Udhaifu wa kuanzia hapa bila kiini wala nusumaisha ni kwamba unabaki na kanuni za kukariri: muda mfupi, umbali mkubwa, kinga katikati. Kanuni ni sahihi, ila likitokea jambo ambalo halimo kwenye orodha, utashindwa kufikiri.

Vitabu, simu na watu

Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure katika maktaba yake ya mtandaoni, na kwa kidato cha nne hivyo vinatosha. Kwa njia ya kemia, kitabu cha bure cha OpenStax cha kemia ya jumla kina sura ya 21 nzima kuhusu kemia ya viini, yenye maswali na majibu. Ni cha chuo mwaka wa kwanza, lakini nusu ya kwanza ya sura hiyo inasomeka na aliyemaliza kidato cha nne vizuri. Kwenye simu, ningeweka PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado mbele ya video yoyote. Ina zana ya kujenga kiini: unaongeza protoni na neutroni kwa kidole, unaona kama kimetulia, unakiamuru kivunjike na kuona kimekuwa nini. Video hukufanya uhisi umeelewa. Zana hii inakuonyesha kama umeelewa kweli.

Karibu vyote hivi viko kwa Kiingereza, na dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kundi la watu watatu au wanne wanaosoma kwa Kiingereza na kuelezana kwa Kiswahili. Aliye karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) atafute mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa pili au wa tatu. Kumweleza mwingine mfululizo wa urani kutamsaidia na yeye.

Nani ashike ipi

Wa kidato cha nne, na wa PCM au PCB, michepuo ya kidato cha tano na sita yenye fizikia: fizikia, ndiyo inayoulizwa, ila fanyeni zoezi la alfa 8 na beta 6 kabla ya fomula. Wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia) hawana fizikia kwenye mchepuo wao, basi kemia ndiyo njia yao na hawapotezi kitu kwa kuanzia hapo. Mkazi wa Bahi au Manyoni, mwanahabari, diwani anayetaka kuuliza maswali yenye maana kuhusu madini: kemia, kisha ukurasa mmoja wa vipimo kutoka njia ya usalama. Wa hospitalini: usalama wiki hii, kemia mwezi ujao.

Mwalimu mwenye vipindi vichache na darasa la watu themanini ana hali yake. Huyo ningemshauri kipindi cha kwanza awe na vizibo vya soda, cha pili mfululizo wa urani ubaoni wanafunzi wakija mmoja mmoja kuandika hatua inayofuata, cha tatu ganda la Kisese. Fomula yenye logi ije ya nne, darasa likiwa limeshajua inahesabu nini.